Tenda Kwa Intaneti: Msidanganywe

Vikundi vingi vinatuuliza: tenda ya kupeleka maharagwe shule ya serikali tutaipataje? Sheria ya 2015 inatenga angalau asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi kwa akina mama, vijana na wenye ulemavu. Katika kikundi, 70 kwa kila wanachama 100 wawe wa jamii hizo, na viongozi wote pia.

Mwanzo ni cheti cha AGPO. Huombwa kwa intaneti, tena ni bure. Akija mtu kudai pesa za kusukuma fomu, mkataeni. Neno la siri la kikundi msimwachie mwenye saiba. Na tunawasihi, ndugu: bila LPO mkononi, gunia lisitoke stoo!