Richard Harvey Cain: Kasisi, Mhariri na Seneta
(Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha Kasisi Richard Harvey Cain akiwasili Charleston, katika jimbo la South Carolina, mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa vimekwisha, na watumwa wa jana wakiwa waungwana wasiomiliki hata shibiri moja ya ardhi. Alitumwa kulifufua kanisa la African Methodist Episcopal, lililozimwa mjini humo tangu njama ya uasi wa watumwa ya Denmark Vesey ya mwaka 1822. Lakini hakukawia kutambua kuwa umma ulioharimishwa kusoma kwa amri ya sheria ulihitaji, pamoja na mimbari, kalamu ya kuutetea.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1866 alilitwaa gazeti la South Carolina Leader, ambalo baadaye alilipa jina la Missionary Record. Na miongoni mwa waliohariri pamoja naye alikuwamo Robert Brown Elliott, ambaye naye alikuja kuwa mbunge mashuhuri. Wako wasemao kwamba gazeti lile lilikuwa ngazi tu ya kupandia cheo. Mimi naona wanamdhulumu, maana haja aliyoipeleka barazani haikuwa ya cheo, ilikuwa ya ardhi.

Tazama mkutano wa kutunga katiba ya jimbo, uliokaa Charleston mwanzoni mwa mwaka 1868, ambamo wajumbe weusi walikuwa wengi kuliko weupe. Humo Cain alisimama akataka Bunge la Marekani liombwe mkopo wa dola 1,000,000, ili mashamba yanunuliwe, yakatwe vipande vidogo, na kuuzwa kwa maskini, ambao wangelipa polepole kutokana na mavuno yao. Hakutaka mtu yeyote anyang'anywe milki yake, wala hakutaka waliowekwa huru wapewe sadaka. Alitaka wanunue kwa jasho lao, ili asitokee kesho wa kuwadai fadhila. Mkutano uliikubali rai yake. Bunge la Washington halikutoa fedha hizo.

Mwaka ule ule Cain aliingia Seneti ya jimbo, akakaa hadi 1870. Na katika muda huo, mwaka 1869, South Carolina iliunda tume yake yenyewe ya kununua mashamba na kuyauza kwa wasio nayo. Juma lijalo, inshallah, tutamfuata Washington, alikoingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1873.