Baa ya Stesheni na Mteja Asiye na Safari

Nchini Uingereza wapo watu wanaokwenda stesheni ya reli bila tiketi, bila mzigo wala mgeni wa kumpokea. Wanakwenda kukaa na kunywa. Pale Stalybridge, mji mdogo mashariki ya Manchester, baa iliyo jukwaani imekuwapo tangu mwaka 1885. Kaunta yake ni ya marumaru, siku za baridi huwashwa moto wa makaa, na chakula kilichoipa umaarufu ni njegere za kuchemsha zilizotiwa siki, huku treni za kwenda Huddersfield zikipita nje ya dirisha. Wengi hudhani uzuri wa mahali kama hapa unatokana na ukale wake. Mimi naona unatokana na jambo lisilozungumzwa sana: sehemu kubwa ya wateja wake wangeweza kabisa kuwa kwingine. Stesheni yenye abiria tu humfanya mwuzaji alegee, maana mteja hana pa kukimbilia. Akija mtu asiye na safari, mwuzaji hana budi kumridhisha, na abiria naye hufaidi humo humo.

Historia ya chakula cha reli inaonyesha hivyo waziwazi, na nitaanzia Swindon. Kampuni ya Great Western Railway ilipokuwa ikijenga njia yake kutoka London hadi Bristol ilijikuta imepungukiwa fedha. Wakandarasi wakakubali kujenga stesheni ya Swindon kwa gharama yao, nao wakapewa vyumba vya viburudisho kwa mkataba wa miaka 99. Kampuni iliahidi pia kwamba treni zote zingesimama hapo kama dakika kumi ili abiria wapate kula. Vyumba vilifunguliwa mwaka 1842. Hebu fikiria biashara ya namna hiyo: wateja wanaletwa mlangoni kwa ratiba, wana njaa, hawajui duka jingine, na baada ya dakika kumi wameondoka hata kabla ya kumaliza kulalamika. Matokeo yake hayakuchelewa. Isambard Kingdom Brunel, mhandisi mkuu wa njia hiyo hiyo, aliandika barua ya kejeli akidai kwamba hakuwahi kuonja kahawa mahali pale, na kwamba alichopewa kilikuwa nafaka mbovu ya kukaanga. Mhandisi aliyeijenga reli hakuwa na uwezo wa kubadili kikombe cha kahawa, kwa kuwa mkataba ulikuwa mkataba. Kampuni ilijikomboa mwaka 1895 tu, kwa kulipa paundi 100,000.

Swindon haikuwa peke yake. Charles Dickens aliufanyia mzaha mkali uchoyo na dharau ya wauzaji wa stesheni katika hadithi za Mugby Junction, zilizotoka mwaka 1866. Huku kwetu nako, Reli ya Uganda ilipoanza kazi, abiria waliotoka Mombasa walishuka Voi kula katika nyumba ya mapumziko kando ya njia, kisha wakapanda tena kuendelea na safari yao ya bara. Mtindo ulikuwa ule ule wa kula kwa saa ya treni. Nchini Uingereza mtindo huo ulianza kufa pale behewa la chakula lilipoingia, mwaka 1879, kati ya London na Leeds. Mtu akishakula huku gari linakwenda, hana haja ya kukimbizana na sahani jukwaani. Vyumba vya stesheni vikapoteza mateka wao, na vingi vikafungwa au vikageuzwa stoo.

Kilichofuata miaka mingi baadaye ndicho kinachonivutia zaidi. Sheffield ilikuwa na chumba cha viburudisho cha daraja la kwanza, kilichojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa vigae na mbao nzuri, kisha kikaachwa kuoza. Mwaka 2009 kilifunguliwa upya kama baa, Sheffield Tap. Newcastle, ukumbi wa daraja la kwanza wa mwaka 1893 ulikuwa umefikia kupakwa rangi juu ya vigae vyake na kutumiwa na polisi kama mahabusu. Leo ni baa iitwayo Centurion. York, chumba kilichokuwa cha chai kikawa York Tap mwaka 2011. Huddersfield imejaliwa zaidi: jengo lake lenye nguzo kubwa, lililokamilika mwaka 1850, lina baa mbili, moja kila upande wa lango. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyofufuliwa kwa kumtegemea abiria mwenye dakika kumi. Zimefufuliwa kwa kushindana na baa za mjini, kwa bia za viwanda vidogo ambazo mtu angezifuata hata kama njia ya reli ingeng'olewa kesho.

Kuna atakayesema kwamba huku ni kutamani zamani tu, tena zamani ya mabwana. Ni kweli kwamba vyumba hivyo vilijengwa kwa ajili ya wenye nacho, na abiria wa daraja la tatu hakukaribishwa. Lakini hilo laniongezea nguvu. Leo anayeingia Centurion haulizwi tiketi yake ni ya daraja gani, wala kama anayo. Vigae vile vilipakwa rangi enzi ambazo hakuna aliyedhani mtu wa kawaida anastahili kuviona. Mwenye kutamani zamani angerudisha na mlango wa ubaguzi.

Pingamizi la pombe ni zito zaidi, hasa kwa wasomaji wasioigusa kwa dini au kwa hiari, na silipuuzi. Kati ya Manchester na Leeds kumezuka desturi ya kushuka kila stesheni na kunywa glasi moja, na wakazi wa vijiji vya njiani wamelalamika kwa haki kuhusu makelele ya Jumamosi. Mlevi jukwaani ni hatari kwake na kwa wengine. London ilipiga marufuku mwaka 2008 kunywa pombe ndani ya treni za chini ya ardhi na mabasi, na naona ilifanya vyema. Lakini ndani ya baa yupo mwenye baa anayeweza kukataa kumwuzia aliyelewa. Behewani yupo jirani asiye na mamlaka yoyote. Na kwa asiyekunywa, hoja haibadiliki. Mkahawa wa chai ukipata wateja wa mtaani utakuwa mzuri kwa sababu zile zile.

Tatizo halisi liko kwenye kodi ya pango. Stesheni kubwa za leo zina maduka mengi kuliko wakati wowote, na bado mtu hununua mkate mkavu kwa bei ya kushangaza, maana mwenye haraka amekuwa mateka tena. Nafasi iliyo mbele ya malango ya tiketi humfaa anayeuza upesi; chumba ambamo mtu hukaa saa mbili na glasi moja hakiwezi kuishindania. Katika stesheni ya King's Cross, London, baa iitwayo Parcel Yard ilifunguliwa mwaka 2012 katika iliyokuwa ofisi ya vifurushi, kule nyuma na juu ya ngazi. Wanaokimbilia treni hawapiti huko, na wasanifu wa stesheni mpya wangefanya vizuri kupanda ngazi hizo kabla ya kuchora mahali pa kukaa watu.