Kuendesha hadubini ya elektroni ukiwa kafe, inawezekanaje?

Wadau, wiki hii nimemaliza masaa mawili kafe nikijifunza kuendesha hadubini ya elektroni. Na mashine yenyewe sijaiona!

Kwa wasioijua, hii si ile ya sekondari ya kuangalia ngozi ya kitunguu. Haitumii mwanga, inatumia miale ya elektroni ndani ya chumba kilichonyonywa hewa, na inakuonyesha mpaka vinyweleo vya mguu wa mbu. Bei yake ni ya nyumba, si ya pikipiki. Ndo maana hata chuo kikiwa nayo, mwanafunzi haisogelei. Fundi anabonyeza, yeye kasimama nyuma anaandika ripoti. Anatoka na digrii hajagusa hata kitufe kimoja, halafu kwenye usaili anaulizwa, "unaweza kuiendesha?"

Sasa Microscopy Australia wana kitu kinaitwa MyScope, mafunzo ya bure mtandaoni yenye mashine ya kuigiza. Unachagua sampuli, unanyonya hewa, unawasha miale, kisha unaanza kuhangaika na vitufe. Hapo ndo penye utamu. Ukipandisha volti, tuseme kutoka 5,000 hadi 20,000, elektroni zinazama ndani zaidi na vile vitu vidogo vya juu juu vinafifia. Ukishusha, uso wa sampuli unajitokeza lakini picha inaleta chenga. Halafu kuna ugonjwa unaitwa astigimatizimu: ukizungusha fokasi huku picha inavutika upande mmoja, ukirudisha inavutika upande mwingine. Mgeni atazungusha fokasi mpaka jioni, kumbe dawa iko kwenye vitufe vingine kabisa.

Kwenye kuigiza unakosea bure. Kwenye mashine ya kweli, ukipandisha meza ya sampuli ikagonga lenzi, hapo mtaitana ofisini.

Lakini tusidanganyane. Kompyuta haitakufundisha kushika sampuli kwa kibano bila kuichafua kwa mafuta ya vidole, wala kuipaka dhahabu kabla ya kuiingiza.

Kuna njia ya pili, ya kuendesha kifaa cha kweli kwa mbali. Kule MIT, Marekani, mwaka 1998 profesa Jesús del Alamo aliunganisha kifaa cha kupimia transista na intaneti. Mwanafunzi anatuma maelekezo, yanakaa foleni, kifaa kinapima, majibu yanarudi. Kinachosafiri ni namba tu, kwa hiyo hata mtandao wa kujivuta unatosha (hapo wabongo mmenielewa). Baadaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere na Obafemi Awolowo cha Nigeria vikaingia kwenye mradi huo wa iLabs, na havikuishia kuazima vifaa vya wenzao, vilitengeneza maabara zao za mtandaoni.

Haya, walioko vyuoni mtupe ukweli hapo chini: mashine mmeishika wenyewe, au mlisimama nyuma ya fundi?