Kumbukumbu za miaka mia, matetemeko ya miaka elfu

Tarehe 13 Desemba 1910 ardhi ya Rukwa ilitikiswa na tetemeko ambalo wanasayansi wanakadiria kuwa lilikuwa na ukubwa wa 7.4. Tangu mitambo ya kupima mitetemo ianze kutumika, Afrika Mashariki halijarekodiwa jingine kubwa kuliko hilo. Waliolishuhudia wameshaondoka, na vitukuu vyao wamejenga palepale. Zaidi ya karne imepita, na wengi wetu tunakichukua kimya hicho kuwa dalili ya usalama. Hapo ndipo hatari ilipo.

Hakuna awezaye kutaja siku wala saa ya tetemeko. Anayedai anaweza anawahadaa watu. Kinachowezekana ni kukadiria: katika miaka 50 ijayo, ardhi ya mahali fulani inaweza kutikisika kwa nguvu kiasi gani, na uwezekano wake ni upi? Hesabu hiyo huanzia kwenye chanzo. Mtaalamu hutaka kujua tetemeko linaweza kuzuka wapi, linaweza kuwa kubwa kiasi gani, na huchukua muda gani kabla ya kujirudia.

Swali la muda ndilo linalotesa zaidi. Beno Gutenberg na Charles Richter walionyesha katika miaka ya 1940 kwamba matetemeko yana uwiano: ukishuka ngazi moja ya ukubwa, idadi huongezeka takriban mara kumi. Kwa hiyo ukihesabu madogo unaweza kukadiria makubwa. Lakini ili hesabu ikubali unahitaji kumbukumbu ndefu na vituo vingi vya kupimia, na Bonde la Ufa halijabahatika kuwa na hivyo viwili.

Ndiyo maana watafiti wameugeukia ufa wenyewe. Vipimo vya GPS vinaonyesha kwamba bara letu linapasuka taratibu, milimita chache tu kwa mwaka. Sasa tupige hesabu. Tetemeko la ukubwa wa 7 kwa kawaida husukuma miamba ya pande mbili za ufa ipishane kwa takriban mita moja. Ufa unaolimbikiza milimita moja kwa mwaka utahitaji miaka 1,000 kuifikia mita hiyo. Kumbukumbu zetu za mitambo zina umri wa karne moja na ushei. Maana yake, kati ya nyufa kumi za aina hiyo, kwa wastani tisa hazitatikisika hata mara moja katika karne nzima. Kimya ndiyo hali yake ya kawaida, na wakati wote huo mkazo unaendelea kujaa.

Kina nacho kina neno lake. Sehemu nyingi duniani miamba huvunjika hadi kilomita 15 hivi kwenda chini. Zaidi ya hapo joto huilainisha. Katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, penye maziwa Tanganyika, Rukwa na Nyasa, matetemeko hutokea hata kilomita 30 chini na zaidi. Eneo linaloweza kuvunjika kwa mkupuo mmoja linakuwa pana, na tetemeko linalowezekana linakuwa kubwa. Malawi kuna ufa wa Bilila-Mtakataka, wenye urefu wa takriban kilomita 100. Mwinuko wake ulio kama ngazi unaonekana wazi ardhini, ingawa mitambo haijawahi kurekodi tetemeko kubwa juu yake. Anayetegemea orodha ya matukio peke yake atauruka. Anayepima urefu, kina na mwendo atauweka kwenye ramani.

Hata hivyo nyufa zinazojulikana hazitoshi. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, likaanzia kilomita 40 hivi chini ya ardhi, mbali na nyufa kuu za mkono wa magharibi. Liliua watu wasiopungua 17. Kwa sababu hiyo modeli nzuri hugawa nchi pia katika kanda, na kila kanda hupewa uwezekano wake hata pale pasipochorwa ufa wowote. Modeli ya Bonde la Ufa iliyochapishwa mwaka 2017 kwa ushirikiano wa taasisi ya GEM na mtandao wa AfricaArray ilisaidia sana kuziunganisha nchi zetu katika hesabu moja. Pale wataalamu wanapotofautiana, kila makadirio hupewa uzito wake, kama wazee wa baraza wanavyosikilizwa wote kabla ya shauri kukatwa.

Matokeo huwa ramani, na mara nyingi huambatana na namba ya miaka 475. Wengi huidhani ni ratiba. Maana yake ni kwamba mtikisiko wa nguvu iliyoandikwa una uwezekano wa asilimia 10 kufikiwa au kupitwa ndani ya miaka 50. Unaweza kuja kesho, na ukaja tena mwaka ujao.

Kinachoua kwa kawaida ni ukuta. Nyumba ya tofali isiyo na lenta inayoizunguka yote, wala nondo za kufunga kona, hufunguka na kumwangukia aliyemo. Nondo hizo zina gharama, na mwenye kipato kidogo hatazinunua kwa kuogopeshwa tu. Nataka kuiona ramani hii mezani kwa mhandisi wa kila halmashauri inayopitiwa na Bonde la Ufa, siku anayoombwa kibali cha kujenga darasa au wodi ya wazazi, ili jibu la lenta na nondo litoke kabla msingi haujachimbwa.