Je, Wajua? Udongo Unaosimamisha Mlenda

Ukitaka kufyatua matofali pembeni mwa Mpanda, fundi atakutuma kwenye kichuguu. Udongo wake mchwa ameshaukanda. Huchukua punje, akailowesha kwa mate, akaibandika juu ya nyingine, punje kwa punje, mpaka kichuguu kinampita mtu kimo.

Sasa mfikirie mchwa wa chuma. Mtambo wa kuchapa tishu ni sindano inayotembea juu ya sahani huku ikitoa uzi wa ute, tabaka juu ya tabaka, na ndani ya ute huo mna seli hai. Ute wenyewe huitwa haidrojeli: nyuzi ndefu zilizoshikana na kubeba maji mengi. Mpishi wa mlenda anaijua taabu yake, hausimami. Ukiukaza sana ili usimame, unahitaji nguvu kuupitisha kwenye sindano, na seli zinasagika njiani.

Katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, kundi la Akhilesh Gaharwar liliutia ute huo udongo. Si wa kuchimba. Ni wa kiwandani, uitwao Laponite, visahani vyenye unene wa nanomita 1 na upana wa nanomita 30 hivi. Nanomita 1,000,000 ndiyo milimita moja! Nyuso za visahani zina chaji hasi, kingo zina chaji chanya, basi ukingo huvutwa na uso wa jirani na vyote vikaegemeana kama nyumba ya karata. Ukiubana ute huo, ambao ndio wino wa mtambo, karata huanguka nao unateleza. Ukishatoka, zinajipanga tena. Dawa ya meno nayo hulainika ikikamuliwa, kisha ikatulia juu ya mswaki.

Kiungo kingine kiko karibu nasi zaidi. Wino huo una jelatini pamoja na karajinani, ute wa mwani mwekundu. Aina yake iitwayo kappa hutoka kwenye kotonii, mwani ambao Zanzibar imekuwa ikiulima kibiashara tangu 1989, wakulima wengi wakiwa wanawake. Kwa bahati mbaya kotonii ndiyo isiyostahimili bahari ikipata joto, na wengi wamebaki na spinosamu, yenye bei ya chini na ute wa aina nyingine.

Lililonishangaza mimi ni la mwaka 2013. Gaharwar na wenzake walionyesha kwamba visahani vile, bila dawa za kawaida za kuchochea, vilizielekeza seli shina za binadamu kugeuka seli za mfupa. Udongo haukuwa tena nguzo tu. Ulikuwa unatoa maelekezo.

Hayo yote ni ya maabara, na figo nzima ya kuchapwa bado iko mbali. Seli ikiwa zaidi ya milimita 0.2 kutoka kwenye mshipa wa damu hukosa oksijeni na kufa, kwa hiyo kipande kinene lazima kichapwe na mishipa yake ndani. Mchwa huacha vijia vya hewa akiwa bado anajenga. Mtambo ungali unajifunza.