Hesabu inayotenganisha mikoko na tope Qurum

Wanasayansi wanaochunguza misitu ya mikoko kwa kutumia picha za setilaiti hulazimika kwanza kuondoa katika picha hizo kila kisichokuwa mkoko. Kazi hiyo hufanywa kwa hesabu, na kosa dogo laweza kuufuta msitu uliopo, au kuotesha msitu usiokuwapo.

Mfano ulio wazi ni Qurum, mtaa wa pwani katika mji wa Muscat, Oman, ambao jina lake latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mikoko.

Eneo la mikoko la Qurum lilifanywa hifadhi mwaka 1975, na mwaka 2013 likaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ukubwa wake ni hekta zipatazo 107. Aina ya mkoko iliyopo ni moja tu, mchu, ambao huota pia katika mwambao wa Afrika Mashariki, kulikotoka boriti zilizopelekwa Uarabuni kwa majahazi.

Mwezi Juni mwaka 2007, kimbunga Gonu kiliipiga Oman, watu wapatao 50 wakapoteza maisha, na mafuriko yakaikumba Qurum. Baada ya maafa kama hayo, swali la kwanza la wahifadhi ni hili: msitu umebaki kiasi gani?

Kutoa, kisha kugawanya

Katika picha za setilaiti za Landsat, nukta moja huwakilisha eneo la mita 30 kwa 30. Hifadhi nzima ya Qurum haizidi nukta 1,200 hivi, na katika kila nukta, nuru ya majani huchanganyika na ya tope, maji na vumbi la hewani. Vitu hivyo ndivyo mandhari ya nyuma.

Jani lenye uhai hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi miale iliyo jirani na mwekundu, isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo wataalamu huchukua tofauti ya vipimo hivyo viwili na kuigawanya kwa jumla yake. Tuseme nukta ya msitu ina 10 katika mwekundu na 40 katika miale isiyoonekana. Tofauti ni 30, jumla ni 50, na jibu ni 0.6.

Kivuli kikipunguza nuru kwa nusu, vipimo vitakuwa 5 na 20, lakini jibu litabaki 0.6. Ndiyo faida ya kugawanya.

Utusitusi wa hewani, hata hivyo, haupunguzi nuru tu, bali pia huongeza yake. Ukiongeza 12 katika mwekundu na 4 katika miale isiyoonekana, vipimo vitakuwa 22 na 44, na jibu litashuka hadi 0.33. Msitu mzima utaonekana kama vichaka vilivyonyauka.

Dawa yake ni kutafuta mahali panapopaswa kuwa peusi, kama bahari yenye kina kirefu. Nuru inayoonekana hapo, kwa sehemu kubwa, ni ya hewa. Kiasi hicho hutolewa katika kila nukta ya picha, na msitu hurudi kwenye 0.6.

Hatari ya kutoa kupita kiasi

Chukua sasa tope tupu, lenye 15 na 18. Jibu lake halisi ni 0.09, yaani hakuna mti. Mtaalamu akikosea na kutoa 10 zaidi katika mwekundu, vipimo vitakuwa 5 na 18, na jibu litapanda hadi 0.57. Tope limegeuka msitu, ingawa hakuna mche uliopandwa.

Kosa la namna hiyo lina gharama. Huko Gazi, katika pwani ya Kenya, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja hupata fedha kutokana na kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao. Popote penye malipo ya namna hiyo, ramani yenye msitu wa uongo ni sawa na mizani iliyochezewa.

Aidha, hesabu yenyewe haijui kipi ni taka na kipi ni mali. Vumbi ambalo mtaalamu wa misitu hulitupa ndilo analolitafuta mtaalamu wa hewa katika picha hiyo hiyo. Miche michanga, ambayo majani yake bado hayajalifunika tope, yaweza kutupwa pamoja na tope hilo, ilhali ndiyo dalili kwamba msitu unapona.

Ndiyo maana watafiti hulinganisha picha zilizopigwa maji yakiwa katika kiwango kimoja, kwani maji kujaa na kupwa hubadili mandhari ya nyuma. Kisha huingia topeni kwa miguu kuhesabu miti. Na anayeletewa ramani ya msitu ana haki ya kuuliza, kabla ya kuiamini, ni nini kilichoondolewa katika picha, na kwa kiasi gani.