Utulivu wa Mzee wa Kihambani

Wasifu wa marehemu unaosomwa misibani kwetu hupita vituo vinavyojulikana: kuzaliwa, ubatizo, shule, kazi, ndoa, kuugua, kufariki, kisha idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu alioacha. Kwa aliyekuwa mwalimu mkuu au meneja wa benki, karatasi hiyo hujaa vizuri. Kwa mzee aliyeishi miaka tisini na kitu kati ya migomba ya mteremko wa Kilimanjaro, bila cheo wala safari ndefu, msomaji hufika mwisho mapema, na pengo huzibwa kwa kusema kwamba alikuwa mkulima na aliishi kwa amani na watu wote. Ni kweli tupu, lakini imeiruka kazi kubwa kuliko zote alizofanya. Nashikilia kwamba utulivu wa mzee wa kihambani haukuwa tabia aliyozaliwa nayo, wala bahati ya kuishi mbali na purukushani za mji. Aliujenga mwaka hadi mwaka, na alama za ujenzi huo bado zinaonekana ardhini.

Tuanze na ardhi yenyewe. Wachagga hutofautisha shamba na kihamba. Shamba liko chini nyikani, linalimwa mahindi kwa msimu; kihamba ndipo nyumba ilipo na ndipo babu alipolazwa. Juu kabisa husimama miti kama mringaringa na mfuruanje, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe hafunguliwi kwenda malishoni. Huletewa majani zizini, na samadi yake hurudi kwenye mashina ya migomba. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984, ambao mmoja wa waandishi wake ni Jumanne Maghembe aliyekuja kuwa waziri, ulikuta kihamba cha wastani kina hekta 0.68 tu, yaani hakifiki ekari mbili, na ndani yake mimea ya aina zaidi ya 100 yenye manufaa. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Katika eneo dogo namna hiyo hakuna mti uliosimama kwa bahati mbaya. Ukuaji wa mringaringa unataka subira ya miaka mingi. Aliyeuacha ukue alikuwa ameamua kivuli cha kahawa ya wanawe na mbao za milango ya wajukuu. Kila shina la mgomba hutoa machipukizi mengi, na lazima mtu achague lipi libaki na lipi ling'olewe, tena na tena, maisha yake yote. Huyo ndiye tunayemwita mtu aliyeishi tu.

Maji yanaeleza zaidi. Mifongo, ile mifereji inayochepusha maji ya mito ya mlimani na kuyapitisha kwenye kingo za makorongo hadi vihambani, ilikuwepo kabla ya wakoloni. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliiona wakastaajabu. Mfongo hauna mwenye nguvu wa kuumiliki peke yake. Ukoo uliouchimba hupewa heshima yake, lakini wote wanaoutumia kunywesha vihamba vyao hutoka kuuzibua na kuukarabati, na kila mmoja hupewa zamu yake ya maji. Anayefungulia maji usiku nje ya zamu yake ameanzisha ugomvi na jirani aliye chini yake. Kwa hiyo "amani na watu wote" inayosomwa kwenye wasifu si upole wa mtu asiyegombana. Ni saa alizokaa kwenye baraza kuamua zamu, siku alizoshika jembe kwenye mfereji usiopita kwake, na hata sale, mmea unaopandwa mpakani na ambao Mchagga huubeba mkononi anapokwenda kuomba radhi. Mmea huohuo hutenganisha viwanja na kupatanisha wenye viwanja, jambo ambalo naliona zuri mno.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuusifu umaskini, kwamba mzee alitosheka kwa sababu hakuona kingine. Historia ya kahawa inakataa. Mche uliletwa na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19, na wakulima wa Kilimanjaro walipoanza kuupanda kwa wingi, walowezi walitaka wazuiwe. Mwaka 1925 wakulima hao waliunda chama chao kulinda haki ya kulima na kuuza, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika. Mzee aliyezaliwa mwaka 1925 na kufa katika miaka yetu hii alikua pamoja na chama hicho: alipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, akalipa ada za shule kwa malipo yake, akaona serikali ikivunja vyama vya ushirika mwaka 1976 na kuvirudisha katika miaka ya 1980, kisha akaona bei ikiporomoka baada ya mfumo wa kimataifa wa migawo ya mauzo kuvunjika mwaka 1989. Wengi waling'oa kahawa, wakapanda nyanya au mahindi. Wengine waliiacha imesimama chini ya migomba, wakingoja. Mtu aliyepita katika hayo yote na bado akaketi jioni ametulia na kata yake ya pombe ya mbege hakukosa tamaa ya maendeleo. Aliipima tamaa hiyo kwa kipimo cha kihamba: watoto wasome, ardhi isiuzwe.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande mwingine, na silikwepi. Utulivu huo ulibebwa na mgongo wa nani? Majani ya ng'ombe hupanda kutoka nyikani kichwani kwa mwanamke. Ndizi hufika sokoni kwa mikono yake, na ada ya shule mara nyingi ilitoka kwenye kikapu chake kahawa ilipokosa bei. Urithi nao ulikuwa na wanaoachwa nje. Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria za kimila za Kilimanjaro, alieleza jinsi mila ilivyompendelea mtoto wa kwanza na wa mwisho wa kiume, huyu wa mwisho akibaki kwenye nyumba ya baba. Wa katikati walitakiwa kujitafutia, na mabinti walitarajiwa kula kwa waume zao. Maduka mengi ya Wachagga yaliyotapakaa Tanzania yana sababu yake moja hapo: kihamba hakikuwatosha wote.

Hayo yote ni kweli, na ndiyo maana wasifu wa sentensi moja haufai. Ukisema tu kwamba mzee aliishi kwa amani, umeifuta kazi yake, na umemfuta mke wake na wanawe wa katikati kwa mkupuo huohuo. Ukieleza amani hiyo ilivyotengenezwa, wote hao wanaingia kwenye hadithi, kila mmoja na sehemu yake na deni analodai. Isitoshe, sheria imeshabadilika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na inabatilisha mila inayomnyima. Mzee aliyeketi na wanawe na binti zake akagawa kwa haki kabla ya kufa alifanya tendo zito la kuandikwa, pengine zito kuliko yote. Aliyeacha bila kugawa, na ugomvi ukaanza kabla matanga hayajaisha, ukoo wake nao unapaswa kuukumbuka ukweli huo.

John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, alitumia maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, kueleza kwamba kwa Waafrika wengi marehemu hubaki katika Sasa muda wote ambao bado yuko mtu anayemkumbuka kwa jina. Kihamba kilifanya kazi hiyo bila karatasi: kaburi liko mita chache kutoka mlangoni, na anayechuma kahawa hupita kando yake kila siku. Lakini vihamba vinagawanyika kwa kila kizazi, vingine havitoshi tena hata kwa nyumba, na wajukuu wako Dar es Salaam, wanapanda mlimani Desemba na kushuka Januari. Wao wataijua miti bila kujua nani aliipanda. Basi wasifu wa mzee uanze kuandikwa angali hai, Krismasi hii, kwa kutembea naye kihambani huku akijibu: mringaringa huu ulipandwa mwaka gani, mfongo huu ulichimbwa na ukoo upi na unaitwaje, sale ya mpaka wa mashariki ilipandwa baada ya ugomvi wa nani na nani, na majani ya ng'ombe yule aliyelipia sekondari yalibebwa na nani kutoka nyikani.